Mvua Haina Upande

Hapa kambini, mtu akianza kukusimulia vita vyake, mara nyingi haanzi na mwaka. Anaanza na majira. "Ilikuwa masika, barabara zote tope." "Ilikuwa kiangazi, mto umepungua, wakavuka kwa miguu." Waliotoka Fizi wana mvua yao, waliotoka Uvira wana yao, na ndugu zetu wa Burundi nao wana yao. Ukisikiliza kwa makini utakuta karibu kila simulizi ina sentensi moja inayofanana na nyingine: mvua ilituokoa. Au kinyume chake: mvua ndiyo iliyotuua.

Nimefundisha historia miaka mingi, kule nyumbani na huku Kigoma, chini ya mwembe na chini ya turubai, na sentensi hizo mbili zimenisumbua. Maana mara nyingi ni mvua ileile, usiku uleule. Gari la wenye bunduki lilikwama kwenye tope, wakachelewa siku mbili, kijiji kikapata nafasi ya kukimbia. Lakini kule msituni walikokimbilia, watoto walinyeshewa siku hizohizo mbili, na wengine hawakuamka. Sasa mwanafunzi akiniuliza, "Mwalimu, mvua ile ilikuwa upande wa nani?" nimjibu nini?

Swali hili linaweza kuonekana ni la kupitishia jioni tu, watu wakingoja maharage yaive. Mimi naona ni swali zito. Baada ya kila vita huwa kuna hesabu mbili, ya sifa na ya lawama, na hali ya hewa ikiingizwa kwenye hesabu hizo, anayeiingiza huwa ana sababu yake. Aliyeshinda anasema Mungu alituma upepo; maana yake, mimi nilikuwa na haki. Aliyeshindwa anasema baridi ilinizidi. Maana yake, mimi sikukosea. Wote wawili wanaita mbingu ije kuwatolea ushahidi, na mbingu haiwezi kusimama ikakanusha.

Basi nataka tuichunguze mbingu hiyo kidogo, kwa mifano ya kweli.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Napoleon. Shuleni tuliufundishwa kwa sentensi moja, na wengi wenu mliikariri: Napoleon alishindwa na baridi ya Urusi. Ukiandika hivyo kwenye mtihani unapata alama zako. Lakini tuitazame vizuri sentensi hiyo.

Tarehe 24 Juni 1812 Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alianza kuvuka mto Niemen kuingia Urusi. Jeshi lake lilizidi watu 400,000, na Wafaransa wenyewe hawakufika hata nusu. Waliobaki walikuwa Wapolandi, Wajerumani, Waitaliano, Waholanzi, Waswisi na wengine, wengi wao vijana waliochukuliwa kwa sababu mfalme wao alikuwa rafiki wa Napoleon au alimwogopa. Na huo ulikuwa mwezi Juni, jamani. Kule Juni ni joto. Baridi iko wapi?

Mwaka 1869 mhandisi mmoja Mfaransa, Charles Minard, akiwa mzee wa miaka zaidi ya themanini, alichora safari hiyo yote kwenye karatasi moja. Alilichora jeshi kama mto. Pale watu walipokuwa wengi mstari ni mnene, pale walipopungua mstari unakonda. Safari ya kwenda ina rangi yake na safari ya kurudi ni nyeusi, na chini ya ile nyeusi aliandika vipimo vya baridi. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma kijarida hiki huenda mmeuona mchoro huo kwenye mafunzo yenu ya takwimu. Mto unaanza na watu 422,000. Unafika Moscow ukiwa na 100,000. Unarudi mpakani ukiwa na 10,000.

Tusimame kwenye namba ya katikati. Jeshi lilifika Moscow Septemba, kabla theluji haijaanguka, likiwa limeshakonda hivyo. Baadhi ya askari walikuwa wameachwa njiani kulinda miji, na wengine walipelekwa kupigana kwingine. Lakini maelfu kwa maelfu walikuwa wameshaanguka kwa joto, vumbi, kuhara, njaa na homa inayoletwa na chawa, mbali na waliokufa katika mapigano kama yale ya Borodino tarehe 7 Septemba. Mvua kubwa ya siku za mwanzo iliua maelfu ya farasi, na magari ya chakula yakabaki nyuma kwenye tope. Jeshi liliamriwa liende haraka kuliko chakula chake. Yaani mgao ulikuwa unawafuata watu kwa nyuma, na haukuwafikia. Sisi hapa hatuhitaji kufafanuliwa sentensi hiyo.

Napoleon aliingia Moscow tarehe 14 Septemba. Mji ukawaka moto. Akakaa wiki tano akingoja Tsar Alexander aombe amani, na Tsar hakuomba. Akaondoka tarehe 19 Oktoba. Alijaribu kupita upande wa kusini ambako chakula kilikuwepo bado, lakini baada ya mapigano ya Maloyaroslavets akageuka, akarudi kwa njia ileile aliyojia, njia ambayo jeshi lake mwenyewe lilikuwa limeshaila likaimaliza. Ni hapo, mwanzoni mwa Novemba, baridi kali ilipowakuta, matumbo matupu, wengine hata viatu hawana.

Je, hakuonywa? Alionywa. Caulaincourt, aliyekuwa balozi wake Urusi mpaka 1811, alimweleza mapema habari za nchi ile na majira yake. Huyohuyo Caulaincourt, kwa kuwa ndiye aliyesimamia farasi wa msafara wa mtawala, alihakikisha farasi hao wanapigiliwa viatu vya chuma vyenye meno ya kushika barafu. Farasi wengi wa jeshi hawakupata viatu hivyo. Walipofika kwenye utelezi walianguka, wakashindwa kuinuka, wakachinjwa wakaliwa. Barafu ilikuwa moja. Farasi wa mtawala wakasimama, farasi wa askari wakaanguka. Basi niambie, kilichowaangusha ni barafu, au ni viatu?

Na kuna jambo jingine, ambalo ile sentensi ya mtihani haina nafasi yake. Mwishoni mwa Novemba walifika mto Berezina. Kama baridi ingeendelea kuwa kali, wangeukuta umeganda, wangetembea juu yake. Lakini siku hizo hali ya hewa ilikuwa imelegea, barafu imevunjika, na mto unapita. Ikabidi mafundi wa madaraja, wakiwemo Waholanzi wengi, waingie ndani ya maji yale yenye vipande vya barafu, chini ya Jenerali Eblé, na kujenga madaraja mawili. Wengi wao hawakuishi. Eblé mwenyewe alikufa kabla mwaka haujaisha. Angalieni basi: safari hii kosa la anga ni kwamba haikuwa baridi ya kutosha! Mtu anayetafuta kuilaumu anga hakosi cha kusema. Ikinyesha, ni mvua. Isiponyesha, ni jua.

Asubuhi ya tarehe 29 Novemba madaraja yale yalichomwa ili Warusi wasivuke nyuma yao. Waliokuwa bado hawajavuka ni wagonjwa, majeruhi, waliopotezana na vikosi vyao, wanawake waliokuwa wakilifuata jeshi, na watoto. Maelfu walibaki ng'ambo.

Siku chache baadaye, tarehe 3 Desemba, liliandikwa tangazo rasmi la kuwaeleza watu wa Ufaransa kilichotokea. Lilieleza kwamba mambo yalikwenda vizuri mpaka baridi ilipoingia ghafla ikaua farasi. Likamalizia kwa habari njema: afya ya mtawala haijawahi kuwa nzuri kama sasa. Tarehe 5 Desemba mtawala huyo aliliacha jeshi, akapanda gari la kuteleza juu ya theluji, na tarehe 18 alikuwa Paris. Vijana wake aliwaacha huko. Mwaka 2001 wajenzi mjini Vilnius, Lithuania, walipochimba msingi walikuta kaburi la pamoja lenye mabaki ya watu zaidi ya 3,000 wa jeshi hilo.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Kwa heshima zote niwaongezee neno: kuna wachuma janga ambao wao wenyewe hawalionji. Hula wa kwao, na hula hata wasio wa kwao.

Nilipomsomea mzee mmoja wa zoni yetu maneno haya, alinikatiza. Akasema, "Mwalimu, unajichosha. Mvamizi ni mvamizi. Alienda kwenye nchi ya watu, baridi ikampiga. Hiyo ni haki ya Mungu, iache ilivyo." Simdharau mzee yule. Amepoteza watoto wawili kwa vita na ana sababu ya kutaka mbingu iwe na jicho. Lakini sikuweza kukubali, na nitasema kwa nini.

Kwanza, baridi ile haikuwapiga wavamizi peke yao. Jeshi la Kutuzov, lililokuwa likimfukuza Napoleon kwenye ardhi yake lenyewe, lilipoteza zaidi ya nusu ya watu wake kati ya Oktoba na Desemba, wengi kwa baridi na magonjwa. Na wakulima wa njia ile, waliochomewa nyumba na majeshi yote mawili, walilala wapi? Kama hiyo ilikuwa hukumu ya mvamizi, mbona iliwaingia na wenyeji?

Pili, tazama kilichotokea palepale miaka 129 baadaye. Tarehe 22 Juni 1941 majeshi ya Hitler yaliingia Umoja wa Kisovieti, tena mwezi uleule wa Juni. Walipanga kumaliza kazi kabla ya baridi, kwa hiyo nguo za baridi hazikuwafikia askari wengi kwa wakati. Desemba Wasovieti waliwarudisha nyuma mbele ya Moscow, na baadaye majenerali wa Kijerumani wakaandika vitabu wakilalamikia tope na theluji. Lakini majira hayohayo ya baridi, majenerali haohao walikuwa wamewafungia mateka wa Kisovieti kwenye viwanja vilivyozungushiwa seng'enge, wengi bila paa, bila chakula cha kutosha. Katika vita vile vyote mateka zaidi ya milioni 3 walikufa mikononi mwa Wajerumani, na sehemu kubwa ya hao walikufa kabla kipupwe kile cha kwanza hakijaisha, kwa njaa, baridi na magonjwa. Wale hawakuvamia nchi ya mtu. Walikuwa kwenye nchi yao. Baridi ikawapata kuliko mtu yeyote, kwa sababu kuna mtu aliyeamua walale nje.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Hali ya hewa haina upande wowote. Haimtafuti mwenye dhambi. Inamkuta aliye nje. Na nani awe nje, nani awe ndani, hilo haliamuliwi na mawingu. Linaamuliwa na watu.

Msije mkafikiri haya ni mambo ya Wazungu na theluji yao. Mkoa huu tulio nao sasa una habari zake. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walitoka Kongo wakaivamia Afrika Mashariki ya Kijerumani. Walipita Rwanda na Burundi, wakaingia Kigoma mwezi Julai, na Septemba tarehe 19 wakaiteka Tabora. Askari wao walikuwa Wakongomani, na mizigo ilibebwa na wapagazi, kichwani na mabegani. Waingereza nao, chini ya Smuts, walikuwa wakishuka kutoka Kenya. Gari halipiti, ng'ombe na farasi wanakufa kwa mbung'o, kwa hiyo jeshi lilitembea kwa miguu ya Waafrika. Masika ya 1916 yaliwakwamisha Waingereza pale Kondoa Irangi. Mwanzoni mwa 1917 mvua ikawa kubwa zaidi, Rufiji ikafurika, chakula kikashindwa kufika mbele. Smuts alikuwa ameondoka Januari kwenda London, akisema kazi karibu imekwisha. Haikuwa imekwisha. Vita viliendelea huku mpaka Novemba 1918.

Vitabu vingi vinasema mvua ilimsaidia Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, asikamatwe. Labda. Lakini mvua ile ilimnyeshea nani? Ilimnyeshea mpagazi. Yeye hakuwa na hema wala buti, blanketi lake ni moja, na unga aliopewa hakuwa na kuni kavu wala muda wa kuupika ukaiva, akala hivyohivyo, tumbo likamharibika. Katika upande wa Waingereza peke yake, hesabu rasmi za wapagazi waliokufa zilizidi 40,000, na wengi waliuawa na magonjwa, si risasi. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza ndilo lililogeuka likawa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Watu wananunua nyanya na mitumba juu ya jina hilo kila siku. Mpagazi hakuwa mvamizi wala mvamiwa. Alichukuliwa tu. Ukisema masika ya 1917 "yaliamua vita", mpagazi anapotea kabisa kwenye sentensi. Anabaki jenerali mmoja, jenerali mwingine, na mvua katikati yao kama refa.

Sasa nije kwenye jambo gumu, la maombi.

Bibi yangu aliomba mvua. Kila tuliposikia kwamba wale watu wanapanda kuja milimani, alikuwa anatoka nje anaangalia upande wa ziwa, anamwomba Mungu alete mvua iharibu barabara. Mara nyingine mvua ilikuja. Je, nimwambie marehemu bibi kwamba hakupaswa kushukuru? Hapana. Mtu aliyeokoka ana haki ya kusema asante, na hakuna mwanafalsafa wa kumnyang'anya neno hilo mdomoni. Shukrani ni jambo moja na hukumu ni jambo lingine. Nikisema "Mungu, asante, nimepona," nasema habari zangu. Nikisema "Nimepona kwa sababu nilistahili," nimeshasema habari za jirani yangu ambaye hakupona. Nimemhukumu maiti. Bibi hakusema hivyo hata siku moja. Mvua ikinyesha alishukuru, halafu palepale alianza kuuliza nani yuko msituni usiku huo bila moto.

Waingereza wa mwaka 1588 hawakuwa waangalifu kama bibi. Mwaka ule mfalme wa Hispania alituma meli karibu 130 kuivamia Uingereza. Zilipigwa na Waingereza karibu na Gravelines, zikashindwa kurudi kwa njia ya mkato, zikalazimika kuzunguka Scotland na Ireland, na huko dhoruba za Septemba zikazipasua. Baada ya hapo zikatengenezwa nishani za ukumbusho zenye maneno kwamba Mungu alivuma nao wakatawanyika. Upepo ukawa wao. Lakini wakati watu wakisherehekea upepo huo, mabaharia wa Uingereza wenyewe, walioilinda nchi, walikuwa wakifa kwa magonjwa kwenye meli na bandarini, wengi wakiwa bado hawajalipwa mshahara wao. Mungu akipewa sifa yote, mwajiri anasahau deni lake.

Na wale waliotawanywa? Meli zaidi ya 20 zilivunjika kwenye pwani ya Ireland. Pale Streedagh, Sligo, meli tatu zilivunjika siku moja na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Waliofika ufukweni wakiwa hai walikuwa wamelowa, hawana silaha, hawana lugha, hawana karatasi. Hawakuwa tena jeshi. Walikuwa watu waliotupwa na maji kwenye nchi ya wengine. Serikali ya Waingereza mjini Dublin iliamuru wakamatwe na kuuawa, na mamia waliuawa hivyo.

Mmoja wa waliopona, kapteni Francisco de Cuéllar, aliandika baadaye yaliyompata. Kuna waliomvua nguo wakampiga. Kuna waliompa mkate na maziwa wakamfunga jeraha la mguu. Watu wa nchi moja, wiki zilezile. Wakuu wawili wa Ireland, O'Rourke na MacClancy, waliwapokea waliookoka wakawahifadhi, ingawa walijua amri ikoje. MacClancy aliuawa mwaka 1590. Brian O'Rourke alinyongwa London mwaka 1591, na moja ya mashtaka yake ni kuwapokea Wahispania wale.

Huyo O'Rourke ndiye aliyenisaidia kuona mwisho wa swali langu. Upepo ulifanya kazi yake siku moja ukaenda zake. Kazi iliyobaki ilikuwa ya watu: aliyetoa amri ya kuua, aliyevua nguo, aliyetoa maziwa, aliyefungua mlango na kulipia kwa shingo. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kusema "ni upepo". Upepo ulikuwa umeshatulia.

Kwa nini nawaandikia haya ninyi, wakazi wenzangu na ninyi wafanyakazi wa mashirika? Kwa sababu neno hili "hali ya hewa" linatembea sana hapa. Mgao umechelewa: mvua, barabara imekatika. Hema limepeperuka: upepo. Kipindupindu: mafuriko. Sisemi ni uongo. Barabara kweli hukatika, nimeiona kwa macho yangu, na nimemwona dereva wa lori amelala chini ya lori lake siku tatu akilinda unga wetu. Yule hastahili kulaumiwa, anastahili chai. Ninachosema ni kwamba neno hilo lisitumike kufungia mjadala. Likitajwa, sisi tuulize maswali matatu, kwa upole, bila matusi.

La kwanza: nani alijua? Caulaincourt alijua na alisema. Masika huja kila mwaka; si mgeni anayebisha hodi usiku. La pili: mvua ilipokuja, nani alikuwa nje na nani ndani, na nani alipanga hivyo? Hapo ukumbuke viatu vya farasi, ukumbuke mateka ndani ya seng'enge, ukumbuke mpagazi na blanketi lake moja. La tatu: mvua ilipokatika, nani alifanya nini?

Na hilo la tatu si la mashirika peke yao. Ni letu. Upepo ukiezua nyumba ya mjane, kuna anayekuja kusaidia kukamata turubai, na kuna anayekuja usiku kuokota miti yake akapikie. Wote wawili ni wakimbizi, wote wawili wana njaa, wote wawili wamepigwa na upepo uleule. Huwezi kusema umaskini ndio ulioiba miti, kwa sababu jirani yako ni maskini vilevile na hakuiba. Tukidai wakubwa wasijifiche nyuma ya mawingu, na sisi tusijifiche huko. Hapatatutosha.

Nimwambie nini basi yule mwanafunzi aliyeuliza mvua ilikuwa upande wa nani? Namwambia haikuwa upande wa mtu. Kisha namwambia asiishie hapo, maana mtu akishaambiwa mvua haina upande anaweza kukunja mikono akasema basi, ni bahati tu. Hapana. Mvua haina upande, lakini aliyepeleka watu kwenye mvua alikuwa na upande. Aliyewaona wamelowa akafungua mlango naye alikuwa na upande. Historia ya vita ni ya hao, na maswali yaelekezwe kwao.

Tunapoandika haya ni kiangazi. Vumbi jekundu liko kwenye kila kitu, na mawingu hayapo. Mtaro unaopita nyuma ya nyumba za mwisho, zile za kuelekea korongoni, umejaa mchanga na taka tangu mwaka jana, na kila mtu anayepita hapo anauona. Kuna kaya zenye wazee na watoto wachanga chini yake. Koleo zipo, mikono ipo, na ofisi ya kuombea toroli inajulikana iko wapi. Haya yote tumeshayajua leo, kabla ya tone la kwanza. Masika yakifika, maji yakiingia kwenye nyumba hizo, asisimame mtu, awe mkazi au mfanyakazi, akatuambia kwamba ilikuwa mvua.